Mbwa koko mtaani: nani aitwe, na mkazi afanye nini

Kila mtaa una mbwa wake wanaojulikana. Kuna anayelala mlangoni pa kisiagi, kuna anayewafuata watoto hadi lango la shule, na kuna kundi linalozunguka nyuma ya kichinjio alfajiri. Siku nyingi hawamdhuru mtu. Shida huanza siku mmoja wao anapomng'ata mtoto, na hapo watu huulizana: aitwe nani? Mmoja husema chifu, mwingine polisi, mwingine hospitali, na mwingine huchukua kipande cha nyama akakitia sumu. Majibizano hayo yakiendelea, jeraha halijaoshwa na mbwa ametoweka.

Somo hili linaeleza mambo manne: kazi hii ni ya ofisi gani, ripoti nzuri hutolewa vipi, mtu akiumwa afanye nini saa hiyo hiyo, na wakazi wafanye nini ofisi ikichelewa kujibu.

Kwa nini jambo hili si dogo

Mbwa anayerandaranda huweza kusababisha ajali barabarani, kuua mbuzi na kuku, na kutapanya taka. Lakini hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kupitia jeraha, kisha husafiri polepole kwenye neva hadi kufika ubongoni. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili kuanza, chanjo ikitolewa mapema na kwa ukamilifu humwokoa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa duniani kila mwaka, na kwamba karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa. Nchini Kenya makadirio ni vifo vipatavyo 2,000 kwa mwaka. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu hucheza na mbwa, ni wafupi hivyo huumwa usoni na shingoni, na mara nyingine huficha jeraha wakiogopa kuchapwa.

Kisa cha kwanza cha ugonjwa huu kuthibitishwa nchini kilikuwa cha mbwa, karibu na Nairobi, mwaka wa 1912. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka wa 2014, Kenya ilianza kutekeleza mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030. Nguzo kuu ya mpango huo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika kila eneo, kila mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa mfululizo, ugonjwa hukosa mbwa wa kutosha wa kuambukizana, na hukatika.

Mbwa koko ni yupi?

Kabla ya kupiga simu, ni vyema mkazi ajue ni mbwa wa aina gani anayemsumbua, kwa kuwa hatua hutofautiana.

*Mbwa mwenye mwenyewe anayeachwa huru.* Mbwa wengi wanaoonekana wakizurura wana nyumba wanakolala. Hapa tatizo ni mwenye mbwa, na suluhisho la kwanza ni kuzungumza naye.

*Mbwa wa mtaa.* Hana boma moja, lakini wauza nyama, walinzi na wenye vibanda humlisha. Anazoea watu na mara nyingi anaweza kukamatwa na kuchanjwa.

*Mbwa asiye na mtu kabisa.* Ametupwa au amezaliwa jaani. Huogopa watu, hutembea kwa makundi na hukaribia makazi usiku. Huyu hukamatwa na watu waliofunzwa pekee.

*Mbwa anayeshukiwa kuwa mgonjwa.* Awe na mwenyewe au asiwe naye, huyu ni wa dharura. Dalili zake ni tabia iliyobadilika ghafla: mpole akawa mkali, au mkali akawa mnyonge na mwenye kujificha. Huuma chochote, hata mawe na vijiti. Sauti yake hubadilika, taya hulegea, mate humtoka kwa kuwa hawezi kumeza, na miguu ya nyuma hupepesuka. Si lazima dalili zote zionekane.

Kazi ni ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka wa 2010 linagawa majukumu kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama, ni jukumu la kaunti. Huduma za afya za kaunti na uondoaji wa taka pia ni jukumu la kaunti. Kwa hiyo mkazi anapouliza "serikali gani?", jibu ni moja: aanzie kaunti, katika wadi yake.

Hata hivyo, ofisi kadhaa hushirikiana:

- Afisa wa mifugo wa wadi, na daktari wa mifugo wa kaunti ndogo. Hawa ndio wa kwanza kuarifiwa kuhusu mbwa koko, mbwa mgonjwa, na mahitaji ya chanjo. Wao ndio huamua kama mbwa atazuiliwa na kuangaliwa au sampuli zake zitapelekwa maabara.
- Afisa wa afya ya umma na mhudumu wa afya ya jamii. Hufuatilia watu walioumwa, huhakikisha wanamaliza chanjo, na hushughulikia majaa yanayovutia mbwa.
- Msimamizi wa wadi. Huunganisha idara. Mkazi asiyejua ofisi ya mifugo iko wapi anaweza kuanzia hapa.
- Chifu, naibu wa chifu na wazee wa mtaa. Hawa ni wa serikali ya kitaifa na jamii, nao husaidia kumtambua mwenye mbwa, kusuluhisha majirani na kuitisha baraza.
- Polisi. Huitwa mbwa anaposhambulia watu wakati huo huo, au mwenye mbwa anapomchochea au kukataa amri. Nambari za dharura ni 999 na 112. Mtu aliyeumwa na mbwa wa jirani aandikishe kisa kituoni na achukue nambari ya OB, kwani itamfaa akitaka kudai fidia.
- Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Huitwa iwapo mnyama si mbwa bali ni mbweha au fisi. Nao hupata kichaa.

Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inamtaka mtu aliye na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu atoe taarifa kwa maafisa. Kumficha mbwa mgonjwa ili asichukuliwe si huruma. Ni kuhatarisha boma zima.

Ripoti inayofanyiwa kazi

Ofisi nyingi hupokea simu ya namna hii: "Kuna mbwa wengi huku, mje." Afisa hajui aende wapi, saa ngapi, wala achukue vifaa gani. Ripoti nzuri hujibu maswali sita:

1. Wapi? Jina la mtaa au kijiji, na alama inayojulikana: kanisa, msikiti, shule, kisima, jaa.
2. Lini? Saa ambazo mbwa huonekana. Kundi la alfajiri haliwezi kupatikana adhuhuri.
3. Wangapi, na wa namna gani? Rangi, ukubwa, alama ya kipekee, kama wana watoto, kama wana ukosi shingoni.
4. Wamefanya nini? Wameuma nani, wameua mifugo gani, wanazuia njia ipi.
5. Wana dalili za ugonjwa? Aeleze alichoona kwa macho, si alichosikia.
6. Nani ataongoza maafisa? Jina na simu ya mtu atakayekuwepo.

Picha iliyopigwa kwa mbali husaidia, lakini mtu asimsogelee mbwa ili kupata picha.

Simu hufaa kwa dharura. Kwa tatizo la muda mrefu, barua ni bora, kwa sababu hubaki kwenye faili. Mfano mfupi ni huu:

> Kwa Afisa wa Mifugo, Wadi ya ………
>
> KUH: MBWA WANAORANDARANDA KARIBU NA SHULE
>
> Sisi wakazi wa mtaa wa ……… tunaripoti mbwa saba wanaolala kwenye jaa lililo nyuma ya shule ya msingi. Huonekana kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, watoto wanapokwenda shule. Mmoja ni jike mweusi mwenye doa jeupe kifuani, ana watoto wanne. Tarehe ……… alimng'ata mwanafunzi mguuni. Mtoto alitibiwa katika zahanati ya ……… na anaendelea na chanjo. Hatujui mwenye mbwa hao.
>
> Tunaomba: (a) mbwa wachunguzwe na kuchanjwa au kuondolewa na maafisa, (b) jaa liondolewe, (c) tujulishwe hatua itakayochukuliwa na tarehe yake.
>
> Nakala: Msimamizi wa Wadi, Afisa wa Afya ya Umma, Chifu, Mwalimu Mkuu.

Barua itiwe sahihi na wakazi kadhaa. Ipelekwe nakala mbili: moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi na mkazi. Muhuri huo na tarehe yake ndio ushahidi kwamba ofisi iliarifiwa.

Mtu akiumwa: saa ya kwanza

Hapa hakuna kusubiri afisa. Hatua hizi huokoa maisha:

*Kwanza, jeraha lioshwe* kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Pasipo bomba, mtu amwage maji kwa kikombe au jagi, tena na tena. Sabuni ya kufulia inafaa. Kuosha hupunguza virusi kabla havijaingia ndani. Dawa ya kuua viini, kama ile ya ayodini, ipakwe baadaye. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, kahawa au majani visitiwe kwenye jeraha. Damu isiyomwagika kwa wingi isizuiwe kwa kufunga jeraha kwa nguvu.

*Pili, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo*, hata kama jeraha ni dogo. Mhudumu ataangalia ni la aina gani. Mnyama akiwa amemgusa mtu au kumlamba kwenye ngozi nzima tu, huoshwa na hahitaji chanjo. Mkwaruzo usiotoa damu huhitaji chanjo. Jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyoingia machoni, mdomoni au kwenye kidonda, huhitaji chanjo pamoja na dawa ya kinga ya haraka inayodungwa kuzunguka jeraha. Mgonjwa pia huangaliwa kama anahitaji sindano ya pepopunda.

*Tatu, amalize dozi zote.* Ratiba iliyozoeleka ni ya dozi tano: siku ya kuanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Mhudumu anaweza kutumia ratiba nyingine, na ndiye wa kufuatwa. Kosa la kawaida ni mtu kuacha baada ya dozi ya pili kwa kuwa jeraha limepona. Kupona kwa ngozi hakuonyeshi kama virusi vimekwisha. Dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu kutokea, na wakati mwingine huchelewa hadi mwaka. Mama mjamzito na mtoto mchanga pia hupewa chanjo hii.

*Nne, mbwa afuatiliwe.* Akiwa anajulikana, afungwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10 chini ya usimamizi wa afisa wa mifugo. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya muda huo. Mgonjwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo aanze chanjo. Anaanza mara moja, na mbwa akibaki mzima baada ya siku 10 daktari ataamua kama dozi zilizobaki zinahitajika. Mbwa akifa au akiuawa, kichwa chake kisipondwe wala mzoga usizikwe kabla afisa hajaarifiwa, kwa maana uchunguzi wa maabara hufanywa kwenye ubongo. Mzoga usiguswe kwa mikono mitupu.

Mfano: mbwa wa nyuma ya soko

Chukua mtaa mmoja wa kufikirika. Mtoto wa darasa la pili anarudi nyumbani jioni na soksi yenye damu. Anamwambia nyanya yake kwamba amekwaruzwa na waya. Nyanya anaangalia vizuri, anaona alama mbili za meno.

"Mjukuu wangu, sikuchapi. Niambie ni mbwa yupi."

"Yule mweusi wa sokoni, nyanya. Mwenye watoto."

Nyanya anaosha mguu kwa jagi na sabuni, huku jirani akihesabu dakika kwenye simu. Kabla giza halijaingia wako zahanati. Zahanati haina chanjo, na mhudumu anawaandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo na kupiga simu kuhakikisha dozi ipo. Wanaipata usiku huo.

Huku nyuma, vijana wamekusanyika na mawe. Mmoja ana nyama yenye sumu kwenye karatasi ya nailoni. Mzee wa mtaa anafika.

"Vijana wangu, mkimuua sasa hivi na kumtupa mtoni, daktari atajuaje kama alikuwa mgonjwa?"

"Mzee, tumengoja kaunti mwaka mzima."

"Mmeandika lini? Nionyesheni barua."

Hakuna barua. Usiku huo mzee anampigia afisa wa mifugo wa wadi, anajibu maswali yale sita, na anawapanga vijana wawili wakae kwa mbali waone mbwa analala wapi. Asubuhi maafisa wanamkuta jike kwenye lundo la utumbo uliotupwa na wauza nyama. Anakamatwa, anawekwa chini ya uangalizi, na mbwa wengine wa soko wanachanjwa juma hilo. Siku ya kumi jike bado ni mzima. Mtoto alikuwa tayari amepata dozi tatu, na daktari ndiye anayeamua kilichobaki.

Katika mfano huu kilichomsaidia mtoto zaidi ni nyanya aliyeuliza bila kutisha. Kilichousaidia mtaa ni mbwa kupatikana akiwa hai.

Kwa nini sumu na mawe si suluhisho

Hasira ya mzazi inaeleweka. Lakini sumu haichagui: huua mbwa aliyechanjwa, paka, kuku, tai na kunguru wanaokula mzoga, na mtoto mdogo anayeokota chochote anaweza kuila. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Tena, mauaji ya jumla hayamalizi kichaa. Mbwa wakiondolewa na chakula cha jaani kikabaki, wengine kutoka mitaa jirani huja kujaza nafasi, nao hawajachanjwa. Mtaa ulioua mbwa wake waliochanjwa unakuwa umebomoa ukuta wake wenyewe. Kinachofaa ni mambo matatu kwa pamoja: chanjo ya kila mwaka, kuhasi na kufunga uzazi, na usafi.

Ofisi ikichelewa kujibu

Mkazi aliye na nakala yenye muhuri ana njia za kufuata. Akipita wiki mbili bila jibu, apande ngazi: msimamizi wa wadi, daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, kisha mkurugenzi wa huduma za mifugo wa kaunti. Mwakilishi wadi anaweza kuliuliza swali hilo katika bunge la kaunti.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 humpa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya umma, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, maswali kama: chanjo ngapi za mbwa zilinunuliwa mwaka huu, na wadi hii ilipewa ngapi? Ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo jambo linahusu uhai wa mtu. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa kuandikisha ombi lake. Akinyimwa, anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Mara nyingi afisa huwa na nia lakini hana gari, chanjo wala vizimba. Hilo ni suala la bajeti, na bajeti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Vikao vya ushirikishwaji wa umma huitishwa kuhusu nyaraka hizo. Wakazi wakijitokeza kuomba barabara pekee, pesa zitaenda barabarani. Anayetaka chanjo ya mbwa aiseme kikaoni na ihakikishwe imeandikwa.

Wajibu wa kila boma

Mwenye mbwa amchanje akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka, na ahifadhi cheti. Amfunge mchana na amfungulie ndani ya ua. Asiyetaka watoto wa mbwa amhasi mbwa wake badala ya kuwatupa sokoni. Wauza nyama na wenye hoteli wafukie mabaki au wayaweke kwenye pipa lenye kifuniko. Walimu wawafundishe watoto wasimkimbie mbwa, wasimsumbue anayekula au kunyonyesha, na wakikutana na mkali wasimame wima, mikono chini, bila kumkazia macho, hadi apite.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ofisi ya mifugo ya wadi hii iko wapi, na ni nani kati ya waliohudhuria anayeijua simu yake?
2. Kituo kipi cha afya kilicho karibu huwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, na njia ya kufika usiku ni ipi?
3. Mbwa wangapi mtaani wana cheti cha chanjo ya mwaka huu?
4. Ni taka za nani zinazowalisha mbwa wa jaani?

Baraza litakalopata majibu ya maswali haya manne liyaandike kwenye karatasi moja na kuibandika dukani na shuleni, ili siku mtoto akiumwa, nyumba yoyote ijue pa kuanzia.